Banta ya Ghorofa ya Nane

Kwenye kazi yetu ya kuosha na kupaka rangi kuta za maghorofa kwa nje, mtu hashuki kabla hajatukanwa.

Nasema kutukanwa kwa mapenzi. Unakaa kwenye ubao, miguu inaning'inia hewani. Mshika kamba anakukagua mkanda, anakagua kamba ya kazi, anakagua kamba ya pili, ya kukudaka ile ya kwanza ikikatika, ambayo sisi tunaiita kamba ya roho, halafu anakurushia moja. "Hilo tumbo tukilipaka rangi ya bluu watu watajua ni tangi la maji." Na wewe urudishe papo hapo: "Bora tangi lina maji, kichwa chako kina mwangwi." Ukirudisha, unashuka. Ukibabaika, ukinuna, au ukichekacheka tu kama bwege, unavuliwa mkanda na kwenda chini kukoroga sabuni mpaka kesho yake. Hakuna kubishana.

Utaratibu huo aliuanzisha msimamizi wetu, ambaye tulimwita Nyapara, baada ya mpaka rangi mmoja kuzimia akiwa ghorofa ya tano. Alikuwa na homa. Asubuhi ile alikuwa amesalimiwa na watu saba, na wote saba aliwaambia mzima. "Kusema mzima kila mtu anaweza," Nyapara alituambia. "Lakini mwenye homa, au mwenye usingizi, au aliyeacha ugomvi nyumbani, hawezi kurudisha utani wa maana. Kichwa kikiwa hakipo, ulimi unasema."

Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa na tundu moja tu, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona: tulikuwa tunampima anayeshuka. Anayebaki juu ameshika kamba, hakuna aliyempima.

Mimi waliniita Redio. Nimekulia kwenye nyumba ya watoto tisa ambako asiye na mdomo alilala bila kula, na huo mdomo ulioninenepesha utotoni ukaja kunifukuzisha kazi mara mbili na kuniondolea jino la mbele. Sikujifunza. Nilipokosa jino nikaanza kuwatania wenye meno.

Kazi hii ya kamba nilitafutiwa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Ndiye aliyekuwa mshika kamba wangu. Mtu mrefu, mpole, maneno machache, mikono mipana kama makoleo. Alikuwa anakushusha kama mzazi anayelaza mtoto aliyesinzia. Kamba aliizungusha mara tatu kwenye nondo nene iliyofungwa kwenye paa, akawa anaiachia pole pole, na huko chini ulikuwa husikii mshtuko hata kidogo. Utani wake ulikuwa mchache lakini mzito. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Shemeji, dada yangu alikuwa na wachumba wanne. Sijui siku aliyokuchagua wewe taa zilikuwa zimezimika au vipi." Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa.

Halafu likaja lile neno.

Wapangaji wa jengo moja walilalamika kwamba tunapigiana kelele za matusi madirishani kwao. Ofisi ikamleta dada wa utumishi, akatukusanya kwenye stoo katikati ya makopo ya rangi, akaandika ubaoni kwa chaki: banter. Kila mtu akalisoma alivyojua. Akatusahihisha: banta.

"Ni utani wa kurushiana," akasema. "Huyu anatupa, yule anadaka, anarudisha. Wote wanacheka."

"Si utani tu huo, dada?" akauliza Bonge, ambaye jina lake linajieleza. "Kulikuwa na haja gani ya kuuagizia jina ng'ambo?"

"Utani unaweza kuwa wa upande mmoja. Huu lazima uwe wa pande zote mbili. Siku mmoja akiacha kucheka, si banta tena."

"Inakuwa nini?"

Dada akafungua bahasha yake. "Inakuwa malalamiko," akasema, akatugawia fomu.

Fomu tulifutia brashi. Neno tukaondoka nalo. Ndani ya wiki mbili lilikuwa limepoteza yote aliyotueleza yule dada, likabaki na kazi moja tu: ulikuwa unamwambia mwenzako lolote lile, hata la kumtoa machozi, halafu unamalizia "banta!", na yeye hana tena haki ya kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mbaya, hajui mchezo. Na aliyelitumia kuliko wote, sihitaji kumtaja.

Sasa nieleze kitu nilichokuwa nakijua.

Shemeji alikuwa na binti, mtoto wake wa mwisho, wa miaka mitano. Siku moja alikuja nyumbani kwetu akakaa jikoni na dada yake, mlango umefungwa, na nikamsikia mtu mzima yule analia. Alipoondoka, mke wangu aliniambia. Kaka yake alikuwa na shaka kama yule mtoto ni wake. Kulikuwa na fundi umeme aliyewahi kufanya kazi pale kwao kwa muda mrefu kuliko waya zilivyohitaji. Shaka tu, hana uhakika, na mtoto anampenda kuliko macho yake. "Niapie hutasema," mke wangu akaniambia. Nikamwapia.

Jumanne moja, saa nne, tuko juu ya paa tunakunywa chai. Jengo la ghorofa kumi na moja. Bonge anaonyesha picha ya mwanawe, watu wanasema masikini mtoto, kafanana na baba, mimi narusha utani mmoja baada ya mwingine na watu wanashika mbavu. Shemeji naye, kwa furaha tu, akatoa simu akatuonyesha binti yake kavaa sare ya shule kwa mara ya kwanza.

Wale watu walikuwa wanacheka, na mimi nilitaka wacheke zaidi. Sina maelezo mengine.

"Mzuri," nikasema. "Lakini haya masikio nimeyaona wapi? Aaa! Yule fundi umeme wenu! Ndiyo maana mtoto akilia taa zinawaka."

Bonge alimwaga chai. Nyapara mwenyewe aligeuka upande akicheka.

"Banta!" nikamalizia.

Shemeji aliitazama ile picha kidogo. Akazima simu, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akaniangalia, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Aliniangalia kama fundi anavyoangalia ukuta, anakadiria.

"Banta," akasema. Akamwaga chai yake iliyobaki. "Twende, shemeji. Zamu yako."

Nikakaa kwenye ubao. Akakagua mkanda, akakagua fundo. Hakunirushia neno. Wenzetu walikuwa bado wanacheka, hawakuliona hilo.

"Shuka," akasema.

Jioni mke wangu alinisubiri amesimama.

"Umemwambia nini kaka?"

"Kwani vipi?"

"Amenipigia. Amesema maneno matatu, 'na wewe pia', akakata. Nikimpigia hapokei. Umesema nini wewe?"

Nikamweleza. Mke wangu akakaa kwenye kiti cha karibu.

"Ilikuwa banta," nikasema.

"Ni nini hiyo?"

"Utani wa Kizungu."

"Na kwa Kiswahili umefanya nini?"

Nikainama kuvua viatu. Akasema, "Kesho umwombe radhi. Bila kuchekesha."

"Bila kuchekesha."

"Huwezi," akasema, na hakusema kwa ukali. Alisema kama anayekumbuka kitu.

Kesho yake nilimfuata kwenye ngazi, uso nimeukaza. "Shemeji, kuhusu jana. Unajua mdomo wangu hauna breki, ungekuwa gari ungenyang'anywa leseni..." Nikasikia ulimi umeshateleza kwenda kule unakozoea. Yeye akacheka. Katika miaka sita sikuwahi kumsikia akicheka vile, kwa pumzi tu, mdomo umefungwa.

"Ilikuwa banta, shemeji. Mbona unahangaika?"

Toka hapo mambo yakaanza kuja kidogo kidogo. Mbele ya wenzetu alinirushia utani wake kila asubuhi kama kawaida, nami nikarudisha kama kawaida, na Nyapara akaitikia kwa kichwa: kichwa kipo, ashuke. Kila asubuhi nilikuwa nafaulu mtihani. Lakini siku ya Ijumaa niligeuka nikaona kamba imezungushwa kwenye nondo mara mbili badala ya tatu.

"Mbili?" nikauliza.

"Leo hakuna upepo. Banta."

Akaongeza ya tatu, taratibu, huku ananiangalia.

Jumatatu, nikiwa katikati ya ukuta, ubao ulidondoka kiasi cha shubiri moja. Si kitu, shubiri. Lakini katika miaka sita hakuwahi kunidondosha hata nusu yake. Nilipofika chini akaniambia kamba iliteleza kwa sababu ya sabuni. Jumanne na Jumatano akaanza kuhesabu. Nilikuwa nasikia sauti yake juu yangu, tulivu, kila nikipita dirisha: "Kumi na moja. Kumi. Tisa. Nane." Kwenye nane alikuwa anasimama. Anasimama kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili, halafu anaendelea.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema nini? Kwamba mshika kamba anahesabu ghorofa? Wangeniuliza ilianzia wapi, na ningelazimika kulisema tena lile neno la mtoto, safari hii mbele ya ofisi nzima, likaandikwa. Na yeye angefukuzwa, kaka wa mke wangu, aliyenipa hiyo kazi. Jumatano Nyapara alitutazama, akauliza, "Nyie wawili mko sawa?"

"Banta tu," akasema shemeji.

Nyapara akageuka kwangu. Nikasema, "Banta tu."

Alhamisi tukabakiza kipande cha mwisho cha upande wa nyuma wa jengo. Saa sita hivi, jua kali, wenzetu wote wako chini upande wa mbele wanahamisha mapipa. Juu ya paa tuko wawili. Akakagua mkanda wangu, akaukaza kuliko kawaida.

"Shuka."

"Hujanitania."

"Leo zamu yako," akasema. "Tutafika."

Kumi na moja. Kumi. Tisa. Nane.

Ubao ukasimama. Nikavuta pumzi mbili. Nikavuta ya tatu, na ya nne. Nyuma ya kioo kulikuwa na ofisi ndogo: meza, faili, dada mmoja anakula mkate huku anaandika kwenye kompyuta. Nikatazama juu.

"Shemeji!"

Nikaona kamba ya roho inalegea. Ikaja chini pembeni yangu, mita kwa mita, inajikunja hewani, ikanipita, ikaishia kuning'inia kwenye mkanda wangu mwenyewe, ncha yake inacheza huko chini karibu na dirisha la ghorofa ya tano. Alikuwa ameifungua kule juu.

Kichwa chake kikatokea ukingoni.

"Nitanie," akasema.

"Nini?"

"Nipige utani. Kama ule wa saa nne. Wenye mtoto ndani."

"Shemeji, acha..."

"Si unajua sheria? Asiyeweza kutania kichwa chake hakipo. Hashuki." Akafikiri kidogo. "Wala hapandi."

Ubao ukadondoka kiasi cha mkono mzima, ukakwama kwa kishindo. Ndoo ya sabuni ikachomoka kwenye ndoano yake, nikaisubiri, nikaisubiri, ndipo nikaisikia ikipasuka chini.

Nikagonga kioo. Yule dada akainua macho. Wiki nzima nilikuwa nawachekesha watu wa madirishani, nawatolea ulimi, najifanya naanguka. Akacheka. Nikagonga kwa ngumi zote mbili, nikaonyesha kamba, nikaonyesha juu, nikapiga kelele. Akaacha mkate wake, akachukua simu, akanipiga picha. Akanipungia mkono, akarudi kwenye kompyuta yake.

"Nakusubiri, Redio," akasema shemeji kutoka juu. Hakuwahi kuniita jina hilo kabla.

Naapa kwamba utani ulikuja. Ulikuja mmoja mzuri kabisa, ulikaa kwenye ncha ya ulimi, na pengine nusu ya watu ninaowajua wangeucheka. Nikaung'ata.

"Nilijua," nikasema.

"Sema juu, upepo unachukua."

"Nilijua! Dada yako aliniambia siku ile uliyolia jikoni! Alinibembeleza nisiseme, nikaapa! Si yeye, ni mimi! Watu walikuwa wanacheka, nikataka wacheke zaidi! Sikukuchukia, sikuwa na sababu yoyote, nilitaka wacheke tu!"

Madirisha mawili ya chini yangu yakafunguliwa, mtu akachungulia.

"Na mtoto?" akauliza shemeji.

"Mtoto ni wako!"

"Umejuaje?"

"Sijui."

"Basi usiseme," akasema.

Kichwa kikaondoka. Niliikumbatia kamba ya kazi kama mtoto aliye mgongoni kwa mama. Nilimfikiria mke wangu, nani atamwambia, na kwamba huenda akawa ni kaka yake. Halafu ubao ukaanza kwenda. Ukaenda taratibu, laini, kama siku yangu ya kwanza, saba, sita, tano, bila mshtuko hata mmoja, mpaka nyayo zangu zikagusa ardhi, nikakaa palepale.

Wenzetu walikuja mbio kwa ajili ya kishindo cha ile ndoo. Wakanikuta nimekaa chini, kamba ya roho imenizunguka kama utumbo.

"Redio!" Bonge akasema. "Vipi, umekutana na dada wa utumishi huko juu?"

Nyapara hakucheka. Aliokota ncha ya kamba. "Hii imefunguka vipi?"

Mlango wa ngazi ukafunguka. Shemeji alikuwa ameshuka ghorofa kumi na moja kwa miguu, jasho linamtiririka. Alitupita bila kunitazama, akasimama mbele ya Nyapara, akanyoosha ile mikono yake mipana kama anayesubiri kufungwa.

"Nimeifungua mimi," akasema. "Nilitaka kumwangusha. Nitoe kwenye kamba. Sijui mikono hii itafanya nini kesho."

Bonge akapasuka kicheko, na wengine wakamfuata. Niliona kabisa uso wa Nyapara ukihangaika, unataka kuamini kitu na unakosa pa kukiweka, mpaka kile kicheko cha wengine kikamfikia, naye akaachia pumzi.

"Banta zenu zitaniua mimi kabla ya wakati," akasema. "Mshipa wa moyo umenishtuka kweli. Haya, kamba ya roho ifungwe upya, na safari hii ifungwe vizuri. Upande huu uishe leo. Redio amechoka, aende Bonge. Wewe rudi juu."

"Nyapara, sitanii," shemeji akasema.

"Hatanii!" nikasema mimi, nikijaribu kusimama. "Ni kweli, alitaka kuniua, msimrudishe juu!"

Wakacheka zaidi. Mmoja alikuwa anajifuta machozi. Nani angeniamini? Katika miaka sita, hakuna aliyewahi kunisikia nikisema kitu kilivyo. Bonge alikuwa ameshaingia kwenye mkanda, anajikaza chini ya tumbo, anamwambia shemeji, "Mimi kilo mia na kumi, ndugu yangu, ukinichoka uniambie mapema." Na shemeji anamtazama. Lile jicho la kukadiria.

Nikachukua kisu cha kukwangulia rangi kutoka kwenye sanduku la vifaa. Ile kamba ya kazi ilikuwa inaning'inia kutoka paani, imelegea, bado imeshika ubao. Nikapiga goti na kuikata. Kamba nene haikatiki kirahisi. Nilikereza, nyuzi zikawa zinakatika moja moja kwa sauti ndogo, na nilipofika nusu hakuna aliyekuwa anacheka. Ikakatika. Nikavuta na ile ya roho, nikaikata pia, mara mbili, ili isije mtu akaiunga.

"Una wazimu?" Nyapara akanong'ona. Kwetu mtu anaweza kutania mama yako, lakini hagusi kamba.

"Hakuna anayeshuka leo," nikasema. Sauti yangu niliisikia ngeni. "Kaeni chini. Ilianza Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne, tulipokuwa tunakunywa chai."

Bonge akafungua mkanda, polepole, bila kuangalia mtu. Nyapara akakaa juu ya pipa. Nikaeleza yote, na la mtoto nikalieleza bila kumtaja fundi, nikasema nilimtukanisha shemeji yangu kwa mwanawe, ili mcheke, na mlicheka. Hakuna aliyeinua macho. Nyapara akatoa simu, akaita ofisi.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa juu chini. Mikono yake alikuwa ameiweka chini ya mapaja, ameikalia kwa uzito wake wote, na hakuitoa mpaka watu wa ofisi walipofika.